Mtutu wa bunduki ya mawindo unaishi muda gani?

SWALI: Papa fundi, jambo. Marehemu baba aliniachia bunduki ya mawindo, FN ya Ubelgiji, kalibre 30-06, mfumo wa Mauser, karatasi zote nimeshaziweka kwa jina langu. Tangu mvua zianze haipigi tena kama zamani, kwa mita 100 risasi zinatawanyika sentimita 15 na zaidi, zamani zilikuwa zinakaa pamoja. Rafiki mmoja hapa Lubumbashi anasema mtutu ukipiga risasi 1,000 umekwisha, mwingine anasema mtutu wa Ubelgiji haufi. Nani anasema kweli? Na hivi vipuri vingine, resori (springi), sindano inayogonga risasi, nivibadilishe kila baada ya miaka mingapi?

JIBU: Mwanangu, pole sana ya mzee. Huyo wa risasi 1,000 anakutisha bure na huyo wa "haufi" anakupotosha, lakini wote wawili wanahesabu kitu ambacho kwa muwindaji si cha kwanza. Mtutu wa 30-06 ukitunzwa na ukipigwa taratibu kwa kawaida unakwenda risasi 3,000 hadi 5,000 kabla shabaha haijaanza kulegea. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtu wa mawindo anapiga ngapi kwa mwaka, hata tuseme 30, na zile za kurekebisha darubini zikiwa ndani, basi hiyo 3,000 ni miaka 100. Baba yako hakuumaliza huo mtutu kwa kupiga. Bunduki za mawindo zinazofika mezani kwangu zikiwa na mtutu uliokufa kweli, karibu zote zimeuliwa na kutu au na fimbo ya kusafishia, na nyingine wala hazijafa, ni kitu kingine kimelegea na watu wanasingizia mtutu.

Ngoja nikueleze mtutu unakufaje kwa kupigwa, maana ukielewa hapo mengine yote yanakuwa rahisi. Mahali panapoumia si mdomoni, ni kule nyuma, kwenye koo, pale mbele kidogo ya chemba, yaani chumba inamokaa risasi kabla ya kupigwa, ambapo mifereji ya ndani inayoizungusha risasi inaanzia. Baruti ikiwaka gesi yake inapita digrii 2,000, na chuma chenyewe kinayeyuka karibu na 1,500, kinachouokoa mtutu ni kwamba moto unapita haraka sana, risasi inatoka ndani ya kama milisekunde moja na kitu. Ukijumlisha risasi 3,000 zote unapata sekunde tatu na nusu hivi, ndiyo maisha yote ya kazi ya mtutu. Kila pigo ngozi ya chuma pale kooni inapashwa moto na kupoa ghafla, inakuwa ngumu, inaanza kupasuka vijistari, na ukiingiza kamera ndogo ndani unaona pamechanika kama tope la bwawa lililokauka mwezi wa nane. Baadaye vipande vinaanza kubebwa na gesi, koo linasogea mbele, risasi inaruka kidogo kabla ya kushika mifereji na inaingia ikiwa imepinda, hapo shabaha inaondoka.

Ndiyo maana kalibre inabadilisha hesabu yote. Ganda kubwa lenye baruti nyingi likisukuma kupitia tundu dogo, koo linaungua upesi: 300 Winchester Magnum wengi wanaona shabaha inaanza kushuka kati ya risasi 1,500 na 2,500, wakati 308 inafika 5,000 bila shida na ile ndogo ya 22 LR inapita makumi ya elfu kwa sababu haina moto wa maana. 30-06 yako iko katikati. Na haraka ya kupiga inaua kuliko idadi, mtu akipiga 20 mfululizo mpaka mtutu haushikiki kwa mkono, hizo 20 zimekula kuliko 20 zilizopigwa kwa kupumzika. Ukienda kurekebisha darubini piga tatu, fungua kulasi (ile komeo ya chuma inayofunga nyuma ya mtutu), iache wazi hewa ipite, kunywa maji, zungumza na watu, halafu urudi.

Sasa ya kwako. Umesema mwenyewe, tangu mvua zianze. Mtutu hauchoki kwa msimu mmoja mwanangu, huo unachoka polepole kwa miaka, kwa hiyo kitu kilichobadilika na mvua ndicho cha kutafuta. Kitako cha mbao cha hizi FN za zamani kinakunywa maji, mbao inavimba, inaanza kuusukuma mtutu upande mmoja, na risasi ya kwanza mtutu ukiwa baridi inakwenda pengine, ya tatu mtutu ukiwa moto inakwenda pengine. Kwanza hakikisha bunduki haina kitu, fungua kulasi, tazama chemba kwa macho na ingiza kidole. Halafu kamata skrubu mbili za chini, ya mbele ya sanduku la risasi na ya nyuma ya kifyatulio, uone kama zinazunguka, mara nyingi ya mbele utaikuta imelegea nusu mzunguko au zaidi na hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Tumia turnevisi (bisibisi) inayojaa kabisa kwenye mfereji wa skrubu, si ile nyembamba ya redio, usije ukamenya kichwa cha skrubu ya mzee. Kisha skrubu za vishikio vya darubini, hizo nazo zinalegea na watu hawazigusi miaka. Chukua karatasi ya daftari, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kwenda nyuma, ikikwama upande mmoja tu na upande mwingine inapita, mbao imevimba. Usikwangue kitu nyumbani, mletee fundi wa bunduki, mbao ikikwanguliwa vibaya hairudi.

Hizo zikiwa sawa, tazama risasi ulizonunua, kama ni boksi lingine au uzito mwingine wa kichwa usitegemee kundi lile lile la zamani. Halafu shaba. Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba, basi na ndani ya mtutu iko, kichwa cha risasi kimevikwa shaba na kila kikipita kinaacha kidogo kwenye mifereji, miaka inapita inakuwa utando. Kama baba alikuwa anapitisha kitambaa chenye mafuta tu, mafuta hayaondoi shaba. Kuna dawa maalumu ya kuiondoa, nyingi zina amonia, unapitisha kitambaa na kikitoka na rangi ya bluu au kijani ujue bado ipo, unarudia mpaka kinatoka cheupe, ila usiilaze dawa ya amonia ndani usiku kucha, fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa, na ukimaliza kausha, paka mafuta mepesi. Nimeona mitutu iliyohukumiwa kufa ikarudi kupiga vizuri baada ya kuoshwa shaba tu, wenyewe wakabaki wanacheka kwa furaha.

Fimbo ya kusafishia nayo naomba unisikilize vizuri. Mauser unavuta kulasi inatoka nje, kwa hiyo huna sababu yoyote ya kuingiza fimbo kupitia mdomo wa mbele. Ile kona ya ndani ya mdomo ndiyo kitu cha mwisho kinachogusa risasi, ikilika upande mmoja hata kidogo, gesi inatoka upande mmoja kwanza na inaisukuma risasi. Fimbo ya chuma ya vipande vipande, imejaa mchanga, inaingizwa kwa mbele kila Jumapili miaka 30, hiyo inamaliza mtutu ambao umepiga risasi 200 tu maishani. Chukua taa, tazama mdomo, pitisha kipande cha pamba kuzunguka ile kona, pamba ikinasa mahali pana jeraha. Habari nzuri ni kwamba hilo linatibika, fundi mwenye mashine ya kuchonga anakata milimita chache na kuunda mdomo upya, mtutu unarudi kazini.

Na kutu. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa tatu chuma kinaoza kikikutazama. Usiiweke bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa ukaifungia kabatini, ngozi inashika unyevu na kuubandika kwenye chuma, nitolee hiyo leo hii. Ukirudi porini umenyeshewa, safisha usiku ule ule, si kesho. Kuna jambo la hatari zaidi ambalo wengi hawalijui: risasi za kijeshi za zamani za 30-06, za kabla ya miaka ya 1950, nyingi fataki zake (kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti) zina klorati ya potasiamu, ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi hata ukipaka lita nzima, unaifunika tu na inaendelea kula chini yake. Kinachoiondoa ni maji, ya moto yakiwepo, unapitisha vitambaa vilivyolowa, halafu vikavu mpaka pakauke kabisa, halafu mafuta. Kama mzee aliacha maboksi ya namna hiyo mimi nakushauri usiyapige kabisa, yapeleke kwa wenye mamlaka wayaharibu, risasi ya miaka 70 iliyolala kwenye joto na unyevu si ya kuamini.

Sasa vipuri. Hakuna "kila baada ya miaka mingapi", vinabadilishwa kwa hali yake. Resori ya sindano ndiyo ya kwanza kuchoka. Watu wanaogopa kwamba resori ikikaa imebanwa inakufa, ikiwa ni ya chuma kizuri kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiliwa mara nyingi, pamoja na kutu. Dalili yake utaiona kwenye fataki ya ganda lililopigwa: alama ya sindano inakuwa hafifu, siku nyingine unavuta na inasema "tak" tu bila kulipuka. Ikitokea hivyo usifungue kulasi haraka, weka mdomo sehemu salama, hesabu mpaka 30 au zaidi, ndipo ufungue, maana risasi inaweza kuchelewa kuwaka. Kabla ya kununua resori mpya safisha kwanza ndani ya kulasi, mafuta ya zamani yanakuwa gundi na yanapunguza nguvu ya sindano, petroli kidogo, kausha, mafuta membamba sana, mara nyingi ugonjwa unaisha hapo. Sindano yenyewe ya Mauser inadumu miaka na miaka, itazame ncha kwa kioo cha kukuzia, inatakiwa iwe ya mviringo na laini, ikiwa imevunjika au ina mashimo ibadilishe, kwa sababu sindano kali inatoboa fataki na gesi inarudi nyuma kuelekea usoni kwako.

Ile kucha ndefu ya Mauser inayovuta ganda ni imara mno, ila inauliwa na tabia moja: mtu anatupa risasi moja moja kwa moja ndani ya chemba kisha anasukuma kulasi kwa nguvu. Mfumo huu wa 1898 umeundwa kucha ishike risasi ikitokea chini, kwenye sanduku. Ukiilazimisha iruke juu ya ukingo wa ganda inapinda, siku moja inavunjika, na kuipata nyingine inayokaa sawa si kazi ya siku moja. Hata kama una risasi moja tu, ipitishe sandukuni.

Kitu kimoja ambacho si cha shabaha bali cha uhai wako ni nafasi kati ya kulasi na ganda. Mauser ikishatumika sana, au mtu akiwa amebadilisha kulasi na ya bunduki nyingine, nafasi inapanuka na ganda linavutika kila pigo. Okota maganda yako, tazama sentimita moja hivi juu ya kitako cha ganda, ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda lote, au ukichokonoa ndani kwa waya uliopindwa ncha ukasikia mfereji, simama, usipige tena, fundi apime hiyo nafasi kwa geji, kipimo chake maalumu. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa 30-06 ni bar 4,050, ganda likikatika gesi hiyo inatafuta njia ya kutoka na wewe uko nyuma yake. Tazama pia kama namba iliyo kwenye kulasi inafanana na ile ya mwili wa bunduki.

Utajuaje basi kwamba mtutu umekwisha kweli? Umekaza skrubu, mbao iko huru, darubini imeshika, shaba imetoka, mdomo ni mzima, risasi ni nzuri, umepiga makundi matatu ya risasi tano kwa mita 100 juu ya mfuko wa mchanga, na bado sentimita 15, au matundu kwenye karatasi yanaonyesha risasi imepita kwa ubavu. Hapo ndiyo. Na hata hapo mtutu uliochoka kwa kawaida haulipuki, unakosa tu, na kukosa kwa muwindaji maana yake ni mnyama aliyejeruhiwa anakimbilia kwenye nyasi ndefu, hiyo siikubali. Kulipuka kunaletwa na kitu kilichoziba, tope, kitambaa kilichosahaulika, nyigu waliojenga ndani bunduki ikiwa imelala, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuingiza risasi tazama kutoka nyuma uone mwanga.

Ikifika kubadilisha, usikubali mtutu wa kuokoteza unaouzwa kichochoroni. Silaha hapa kwetu iko chini ya ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, nenda kwanza na permi (kibali) yako kwa wenye mamlaka uulize utaratibu kabla hujalipa hata franka. Kwenye mtutu wa baba tafuta herufi ELG ndani ya duara lililorefuka, ni muhuri wa kituo cha kujaribia silaha cha mji wa Liège, Ubelgiji, wanajaribu mitutu tangu 1672, na mtutu mpya ukifungwa nao unatakiwa ujaribiwe kwa shinikizo kubwa kabla mtu hajaushika begani. Ila kwa hiyo ya kwako anza na skrubu ya mbele, kisha niandikie makundi yametoka sentimita ngapi.