Stendi ya kupigia picha za chini mikokoni: ninunue ipi?

SWALI: As-salaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Mikindani, Mombasa, napenda kupiga picha za wadudu, uyoga, na zaidi kaa wadogo wa mikokoni maji yakipwa. Nina kamera na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100. Stendi yangu ni ndefu na nyepesi. Hata nikiishusha yote kamera hubaki usawa wa goti, na picha zatoka na ukungu. Kuna wanaoniambia ninunue ya kaboni, wengine wasema kistendi cha mezani chatosha. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Suala la kaboni tutalifikia. Kwanza itazame stendi yako katikati. Utakuta nguzo ya kupandisha kamera, na vijiti vitatu vinavyoifunga miguu kwenye nguzo hiyo. Hapo ndipo ulipokwama. Vijiti haviachi miguu itanuke, na hata ungeviondoa, nguzo ingegota chini kabla kamera haijafika kwenye macho ya kaa. Stendi unayoihitaji haina vijiti hivyo. Kila mguu watanuka kivyake, kwa pembe yake, hadi ukaribie kulala juu ya ardhi. Na nguzo ama ni fupi ya kung'oka, ama haipo. Mimi huchagua isiyo na nguzo kabisa.

Muuzaji atakuonyesha kwamba nguzo yaweza kugeuzwa kamera ikaning'inia kichwa chini baina ya miguu. Ni kweli, lakini jaribu kuifanyia kazi: mikono haipiti, skrini iko juu chini, na vivuli vya miguu vyamwangukia mdudu wako. Nguzo ya kulazwa ubavuni, kama ya stendi ya Manfrotto 055, yafaa kwa uyoga usiokwenda popote, ila kadiri unavyoivuta nje ndivyo inavyotikisika.

Na kutikisika ndiko kunakokuharibia. Ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi kwa f/8 (kipimo cha uwazi wa lenzi), sehemu inayotoka kali ina kina cha milimita 1 hivi kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa. Kaa dume wa aina ipungayo gando ana macho juu ya vijiti viwili na gando moja kubwa mbele yake. Kamera ikisogea unywele tu, ukali wahama kutoka jichoni hadi kwenye gando, na picha imekwenda. Kwa hiyo usidanganywe na urefu, wala idadi ya vipande vya mguu. Miguu ikilala, uzito wote unabebwa na bawaba za juu, pale miguu inapokutana. Bawaba zikiwa na mchezo, unene wa mguu hausaidii kitu.

Nenda dukani na kamera yako. Funga kamera, laza miguu yote, kuza picha ya skrini hadi mwisho, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole na utazame. Picha ikitulia mara moja, hiyo ni stendi. Ukihesabu moja, mbili, tatu na bado yacheza, irudishe. Tazama pia kichwa cha gololi, kile kinachoishika kamera juu ya miguu: kaza skrubu kisha achia mkono. Picha ikiteremka kidogo baada ya kuachia, kila fokasi yako itakuwa ya kubahatisha. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi kwamba stendi yaweza kubeba, mimi huzigawa kwa tatu.

Sasa kaboni. Ni nyepesi na chumvi haiili. Lakini vifungio vya vipande vya miguu na viungo vyake mara nyingi ni vya alumini, na alumini inayogusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka zaidi kuliko ikiwa peke yake. Kama fedha hazitoshi yote, nunua alumini nene, kinachobaki ukitie kwenye kichwa kizuri. Chagua vifungio vya kuzungusha unavyoweza kuvifungua kwa mkono, kwa sababu utaviosha sana.

Hili nililipia. Stendi yangu ya kwanza ya mikokoni niliimwagia maji ya bomba kwa nje, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Baada ya wiki chache mguu mmoja haukuvutika. Nilipoulazimisha ukafunguka, ndani mlikuwa na unga mweupe wa chumvi na mchanga uliogandana kwenye nyuzi za skrubu kama saruji. Tangu hapo kila nikirudi nafungua miguu yote, naitumbukiza kwenye ndoo ya maji matamu, naianika kivulini ikiwa imefunguliwa. Ukisimama kwenye maji, vuta kwanza kipande cha chini kabisa, ili kifungio kibaki juu ya tope.

Kistendi cha mezani chafaa penye udongo mkavu, mfano msitu wa Shimba Hills. Kwenye tope la hori ya Tudor kitazama. Hapo ninapenda zaidi sinia kuukuu: lilaze juu ya tope, weka juu yake kifuko cha kunde kilichofungwa ndani ya nailoni, kamera ikae kifukoni. Na chini ya kila mguu wa stendi weka kifuniko cha ndoo.

Nenda asubuhi maji yanapopwa, upepo haujaamka. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti, kisha usijitikise. Kaa wote watakuwa wamejificha mashimoni kwa sababu yako. Dakika chache tu, mmoja atachungulia, atatoka, aanze kupunga gando lake. Maji yakianza kurudi kwenye vijia vya mikoko, ng'oa stendi mapema, kwani tope lile haliachii mguu upesi.