Mwalimu, tumwage sabuni kwenye michu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za boti, Mtongwe, Mombasa. Mvua imekuwa ikiteremsha oili chafu ya gereji mpaka kwenye michu, ile mikoko iliyo nyuma yetu, na matope yamekuwa meusi. Mwenzangu ataka tumwage sabuni ya unga. Kijana mmoja wa chuo asema iko sabuni inayotengenezwa na bakteria. Tumsikize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sabuni ya unga isiguse hapo, nakuomba. Itaizamisha oili zaidi, na yenyewe ni sumu kwa kaa na samaki wachanga. Mchu hupumua kwa ile mizizi iliyochomoza kama misumari. Ikifunikwa, mti hukosa hewa. Mafuta yalipomwagika Makupa mwaka 1988, mikoko ilikufa.

Kijana asema kweli. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa hutoa ramnolipidi, ndiyo hiyo sabuni. Mvutano wa uso wa maji safi, yaani nguvu inayoushikanisha uso wa maji, ni milinyutoni 72 kwa mita. Ukitia ramnolipidi kidogo tu hushuka hadi karibu 30. Mafuta hukatika vitone vidogo vidogo, na bakteria wanaoyala hupata pa kushika. Kisha hata hiyo sabuni huliwa, isibaki majini. Hilo ndilo linalonifurahisha mno.

Lakini walaji hao wataka hewa, nitrojeni na fosforasi. Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta mwaka 1989, fuo zilitiwa mbolea ili bakteria wa palepale wapate nguvu. Matope ya mikoko, ukichimba kidogo tu, hayana hewa. Oili iliyozama humo hukaa miaka na miaka, uwe na ramnolipidi usiwe nayo.

Kwa hivyo anzieni gerejini. Choteni udongo wenye oili, muutandaze juu ya plastiki chini ya paa, mchanganye samadi, uwe na unyevu, na muupindue mara kwa mara. Ramnolipidi mkiipata, kazi yake ni hapo. Ila msijaribu kumfuga Pseudomonas wenyewe: huingia vidondani akaleta maradhi. Na udongo huo, hata ukiisha harufu, msipandie mchicha, kwani madini ya risasi na zinki ya oili chafu hayaliwi na bakteria yeyote.

Kwenye michu, maji yakipwa, lazeni mbao mkanyage juu yake, mfyonze oili ya juu kwa makumbi ya nazi. Makumbi hayo yatieni kwenye pipa pamoja na oili ya boti, achukue mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Na mfereji unaoteremsha oili kutoka gerejini uzibeni kabla ya masika.