Hiyo "tu" ndiyo inayoniuma

Swali lenu la wiki hii, "Ni muziki gani hasa unaostahili kuitwa pop?", limenigusa penye kidonda. Kila nilipowahi kulisikia, muulizaji hakuwa akitafuta jibu. Alikuwa akitafuta pa kuutupia wimbo asioupenda. "Aa, hiyo ni pop tu." Mtanisamehe, nitalijibu hilo "tu".

Jibu la haraka ninalo. Pop ni muziki unaopendwa na wengi, na jina lenyewe, kifupi cha neno la Kiingereza "popular", ndilo lisemalo hivyo. Tangu jarida la muziki la Marekani, Billboard, lianzishe Hot 100, chati yake ya nyimbo zinazotamba, mwezi Agosti 1958, roki, soul, kantri na hip hop zimekuwa zikigombea nafasi humo humo. Mwaka 2019 "Old Town Road" wa Lil Nas X uliondolewa kwenye chati ya kantri, ikadaiwa kwamba haukuwa na ukantri wa kutosha, lakini kwenye Hot 100 ulikaa namba moja kwa wiki 19. Watu wengi wakiupenda, ni pop. Nimebishana hivyo miaka na miaka.

Lakini kuna jioni moja siisahau. Tulikuwa vijana watano tukifanya mazoezi pamoja, na mpiga gitaa wetu alikuwa fundi kweli, mtu wa roki kuanzia utosini hadi unyayoni. Kwake pop ilikuwa mishiko (chodi) mitatu ya gitaa na nguo za kumetameta. Siku hiyo dada aliyekuwa akipiga kinanda akachoka kumsikiliza. Akamwambia, "Haya kaka, tupigie 'Dancing Queen'. Fuata kwa sikio tu." Ni ule wimbo wa ABBA, kundi la Sweden, wa mwaka 1976, ambao kila mtu anadhani anaujua.

Kaka akatabasamu, akavuta stuli. Tulimwanzishia kwenye ubeti, nao ukampokea vizuri: mshiko wa A, halafu D, akarudi A, hata F# maina akaishika bila kutazama vidole. Akatuangalia kwa jicho la si niliwaambia. Kikaingia kiitikio. Akashika E, sawa kabisa. Neno lililofuata, wimbo ukaenda kwake na gitaa likaenda kwake. Akajaribu D, ikakataa. Akajaribu A, ikakataa. "Rudisheni." Tukarudisha. Akatega sikio karibu na spika, akapiga tena, kidole kikateleza palepale. Nadhani tulirudisha mara saba au nane. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akicheka, maana sisi wenyewe hatukuujua mshiko ule.

Mwishowe yule dada akaukuta kwenye kinanda, noti moja baada ya nyingine. C#7. Haumo kabisa katika ufunguo wa A, yaani zile noti ambazo wimbo umejengwa juu yake; umeazimwa nje. Na baada ya F# maina unakuja mwingine wa kuazimwa, B7. Ni sekunde chache mno, lakini hapo ndipo moyo unapopanda na kuuma kidogo kwa pamoja, ndiyo maana wimbo ule wa kucheza una huzuni ambayo mtu hajui imetokea wapi. Kaka akaupiga mshiko ule peke yake, akauacha ulie mpaka nyuzi zikanyamaza. Akasema, "Hawa watu walikaa chini wakafikiri."

Sasa ninavyoandika naona jibu langu la haraka linayumba. Kama pop ni wingi wa wapenzi tu, kilichomshinda yule kaka ni nini? Tena wapo Big Star, bendi ya Memphis, Marekani. Mwaka 1972 walitoa albamu wakaiita "#1 Record", usambazaji ukavurugika, haikuuzika. Ukisikiliza sauti zile zinavyopandana na gitaa linavyong'aa, utaiitaje kama si pop? Haikupendwa na wengi, na pop ni pop.

Basi nabadilisha: pop ni ufundi. Ni kujua kumnasa mtu asiyekujua, upesi, kwa kiitikio atakachoondoka nacho. Sisemi kila wimbo uwe na C#7. Mishiko mitatu imebeba nyimbo kubwa sana, na ugumu peke yake haujawahi kumfanya mtu aimbe. Wala sitakubali tena kwamba kushika namba moja kunatosha, ingawa hapo najikata mguu mwenyewe kwa mfano wangu wa Lil Nas X.

Wimbo wake huo nimeusikiliza tena kabla ya kutuma barua hii. Toleo la kwanza halifiki hata dakika mbili. Na kama ule wa ABBA, hauna subira ya kungoja ubeti: kiitikio ndicho kinachotangulia. Kwangu huo ni pop. Kwenye kantri nako wangeuacha ukae.