Wachezaji tisa wa mstari wa ushambuliaji, au wanane?

Ndugu, nimekuelewa: unasimamia timu kwenye ligi yenu ya kuigiza inayofuata kanuni za NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani), walinzi wako wawili wa pembeni wa mstari wa ushambuliaji, yaani wale wanaomkinga kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira), wameumia, na unataka kumkata mchezaji wa tisa wa mstari huo ili uongeze mpokeaji wa pasi. Usimkate.

Timu ina nafasi 53. Siku ya mechi unavalisha 48 ukiwa na walinzi wanane wa mstari. Wakipungua, unabaki na 47. Kwa hiyo ukiwa na wanane tu, mmoja akiteguka kifundo Jumatano, tayari umebanwa.

Kumbuka timu ya Kansas City Februari 2021. Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walinzi wote wawili wa pembeni, hawakucheza Super Bowl, fainali ya NFL. Kwotabeki wao, Mahomes, alikimbizwa usiku kucha, wakafungwa 31-9. Msimu uliofuata waliujenga mstari upya: wakamsajili Joe Thuney, wakawachagua Creed Humphrey na Trey Smith.

Mimi ningeanza na akiba anayeweza kucheza pembeni kulia na kushoto, maana hao ni adimu mno. Kisha mmoja anayemudu nafasi ya katikati ya mstari na zile zilizo kando yake. Hakikisha ameshawahi kumrushia kwotabeki mpira wa kuanzisha mchezo, kazi ya mchezaji wa katikati, maana hilo halijifunzwi katikati ya mechi. Chipukizi wawili waweke kikosi cha mazoezi, nje ya wale 53. Ila angalia: ukimkata kijana ili umpeleke huko, timu nyingine inaweza kumdaka kwanza. Muulize msimamizi wa ligi yenu kama kanuni hiyo mnaifuata, kabla hujabonyeza kitufe.