E1 iko juu, hakuna alamu, lakini simu inapiga "tik" na faksi inakatika

Ndugu yangu wa Bukavu, umesema laini ya E1 (laini ya dijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja) kati ya santrali yenu (mtambo wenu wa simu) na opereta iko sawa, taa ya kijani, ila sauti inapiga "tik" kila mara, faksi zinakatika katikati, na teknisye wenu anabadilisha kable tu. Aache kable kwanza. Hiyo inanuka sinkro, yaani saa za pande mbili hazitembei pamoja.

Fungua kaunta ya slipu (fremu, yaani kifungu kizima cha data, kinapotupwa au kurudiwa) na ya makosa ya CRC (hesabu inayokagua kama data imeharibika njiani), zisome pamoja. Kama CRC inapanda, haya, rudi kwenye kable na konekta. Kama CRC imelala kwenye sifuri na slipu zinaongezeka, basi data inafika safi ila pande mbili zinatembea kwa mwendo tofauti. E1 inapitisha fremu 8000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 125 kila moja, sasa anayetuma akiwa na saa ya haraka bafa ya mwenzake (ghala dogo la kusubirishia data) inajaa mpaka fremu nzima inatupwa, akiwa wa polepole fremu inarudiwa. Kwa sauti ni "tik", wengi hata hawaisikii, lakini faksi haivumilii.

Halafu pima sekunde kati ya slipu moja na nyingine. Hapa ndipo napapenda mimi: gawa 125 kwa hizo sekunde, unapata tofauti ya saa kwa sehemu za milioni. Kila sekunde 125 ni sehemu moja kwa milioni, kila sekunde 27 hivi ni 4.6, na huo ndio mpaka wa saa ya stratum 3 (daraja mojawapo la usahihi wa saa za vifaa vya simu) isiyofuata mtu. Zikija kwa mpangilio hivyo, kuna kifaa kinatumia saa yake ya ndani, na mara nyingi ni santrali ya mteja. Iambie ifuate laini ya opereta, kwisha.

Zikija mchana mmoja kisha zikapotea wiki nzima, angalia orodha ya vipaumbele vya sinkro, yaani santrali ifuate saa ya port ipi kwanza. Hapa Goma nilikuta santrali moja yenye E1 za opereta wawili, na port ya wa pili haimo kabisa kwenye orodha ya sinkro. Umeme ukikatika kwenye mnara wa yule wa kwanza, santrali inashikilia mwendo wa zamani kwa muda, halafu inaanza kupotea polepole na slipu zinatokea kwa opereta wa pili. Watu wanamtukana bure huyo wa pili! Tuliiweka port yake kipaumbele cha 2, kelele zikaisha. Wala msiogope opereta wawili, kila mmoja akiwa na saa kuu ya G.811 (kiwango cha kimataifa cha saa kuu za mitandao ya simu), slipu kati yao haizidi moja kwa siku 72 hivi.

Ila port inayoenda kwenye tawi lenu, ambalo linachukua saa kwenu, usiiweke kamwe kwenye orodha, kwa sababu hapo ni vipofu wawili wanashikana mkono kuvuka avenue.

Na yule aliyeshauri NTP (kuseti saa kupitia mtandao wa kompyuta), hiyo ni ya tarehe na saa kwenye bili (na Kinshasa tunapishana saa moja, hilo nalo lina fujo zake), E1 haiigusi.

Ukishabadilisha na bado zipo, mpigie opereta ukiwa na hizo sekunde na hiyo CRC ya sifuri mkononi, muulize antena yao ya GPS, wanakochukulia saa, inaona mbingu au iko chini ya mabati. Weka hapa aina ya santrali na orodha yenu ya sinkro tuione.