Paleti ikiinama, usiiwekee mgongo

Miaka yangu ya mwanzo ya kushika funguo za godauni, Shimanzi, Mombasa, kijana mmoja aliegemeza mgongo kwenye paleti ya mchele, yaani magunia yaliyopangwa juu ya kitako cha mbao, iliyoanza kuinama. Akaita wenzake, "Leteni kamba, nimeizuia!" Nilimwambia atoke, akacheka. Nilipopiga kelele ndipo alipotoka, na haikupita dakika magunia ya juu yakaporomoka pale pale aliposimama.

Hesabu yenyewe ni hii: magunia 50 ya kilo 25 ni tani moja na robo. Hakuna mgongo wa kuzuia hiyo.

Tangu siku ile, kwangu paleti iliyoinama haishikiliwi, inapunguzwa. Kwanza watu waondoke, hasa upande inakoelekea, na foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo kwa uma, zisipite karibu kwa sababu mtetemo wa sakafu unatosha kuimalizia. Kisha tunaleta paleti nyingine iliyokaa imara, tunaiweka chini upande huo iwe kama ukuta. Ndipo tunaanza kutoa magunia moja moja kutoka juu, tukisimama upande wa pili, kwenye jukwaa lenye breki. Kumpandisha mtu kwa uma za foklifti, hapana. Najua ni jambo la kawaida. Hata sisi tulilifanya, na tulikuwa wajinga.

Kwa nini zinainama? Mara nyingi lawama humwangukia dereva, na kweli wapo wanaokata kona mbio na mzigo uko juu. Mzigo usafiri chini, kama sentimita 15 kutoka sakafuni, mlingoti, ile nguzo ya mbele ya foklifti inayopandisha uma, umelazwa nyuma kidogo. Lakini kwa niliyoyaona mimi, kosa huanza kwenye kupanga. Mchele unakuja umejazwa kwenye kontena bila paleti, mahamali wanaushusha kwenye joto lile, nao wanalipwa kwa gunia. Nani atapoteza muda kupanga vizuri? Wanaweka gunia juu ya gunia, sawasawa, na hapo huna paleti moja, una nguzo tano zinazosimama kila moja kivyake. Tena magunia haya ya plastiki yanateleza. Panga matatu kwa upande mmoja na mawili kwa upande mwingine, safu inayofuata ugeuze, kama fundi anavyokwepesha viungo vya matofali. Ongeza malipo kidogo kwa paleti iliyopangwa hivyo. Ni nafuu kuliko kuokota mchele.

Nailoni ya kuzungushia inasaidia ikianzia kwenye mbao za paleti yenyewe. Ukiizungusha kwenye magunia tu, umefunga zawadi. Na mzigo uliopangwa vibaya hautengenezwi na nailoni, unafichwa.

Tuliposafisha siku ile tuligundua kilichoangusha. Panya alikuwa ametoboa gunia la safu ya chini kwenye kona. Mchele ulivuja taratibu, gunia likanywea, na kona nzima ikashuka. Kilichoniuma ni kwamba asubuhi nilikuwa nimeziona punje pale sakafuni, kiasi cha ukufi. Nikachukua ufagio, nikazoa, nikaendelea na safari zangu.

Siku hizi hakuna anayefagia chini ya paleti kabla sijapita na tochi.