Nani hasa amekula vifaranga?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba sato wako jike alijaza mayai mdomoni, ukawa unamkamata kila asubuhi kwa wavu wa mkono ili kumkagua, na siku ya tatu ukamkuta mdomo mtupu na tangi halina yai wala kifaranga. Wachangiaji wawili wamekujibu kwamba ni njaa, umwongezee chakula. Ninafuga sato na kambale hapa Morogoro kwa mwaka wa tisa sasa, na jibu hilo la njaa nililiamini kwa misimu miwili mizima huku nikiendelea kupoteza vifaranga, kwa hiyo naomba niseme niliyoyaona.

Nianze na kambale, kwa sababu ndio walionifumbua macho. Nilinunua vifaranga 2,000, nikawaweka kwenye tangi moja la plastiki na kuwalisha mara nne kwa siku, lakini baada ya wiki tatu nilipowahesabu walikuwa hawafiki 400, na katika muda wote huo nilikuwa nimeokota maiti zisizozidi kumi. Nilimshuku ndege, kisha nikamshuku kijana aliyekuwa akinisaidia (ambaye nilimwomba radhi baadaye), mpaka usiku mmoja nilipomulika tochi nikaona kifaranga mmoja ana mkia wa mwenzake unaning'inia mdomoni. Hapo hapakuwa na mzazi wa kulaumiwa, kwani kambale hamlei mtoto wake hata kidogo, na wale wanaototoleshwa na binadamu, baba yao huwa amekwisha kupasuliwa ili kutolewa mbegu za kiume hata kabla mayai hayajarutubishwa. Waliokuwa wakilana ni ndugu wa tumbo moja. Wakiwa wadogo sana hung'atana kuanzia mkiani, na aliyeng'atwa hufa hata kama hakumezwa. Wakishatofautiana ukubwa, mkubwa humeza mdogo mzima kuanzia kichwani, na kwa kumeza huko huzidi kukua, akawazidi wenzake zaidi, akameza wengi zaidi. Chakula kingi kilipunguza tatizo bila kulimaliza. Lililosaidia kweli ni kuwachambua kwa ukubwa kila wiki na kuwatenganisha, kazi inayochosha mgongo ambayo sijapata mbadala wake.

Kwa sato mambo ni tofauti, ingawa hata huku mlaji wa kwanza si mama. Bwawa lenye majike wengi huzaa kwa zamu, hivyo vifaranga waliotangulia wiki mbili au tatu hukutana na walioachiwa leo, na mkubwa wa sentimita mbili tatu hamwonei huruma mdogo ambaye bado ni uzi wenye macho. Nilikuwa naona kundi jeusi la wachanga ukingoni asubuhi, jioni limekuwa nusu, nikasema mama zao hawana utu. Nilipoanza kuwachota wachanga mapema na kuwahamishia kwenye chandarua chenye matundu madogo, idadi ilipanda, na mama zao walibaki bwawani walewale na chakula kilekile.

Sasa tuje kwa jike wako. Sato jike huokota mayai yaliyorutubishwa na kuyatunza mdomoni. Katika maji yenye joto la nyuzi 28 hivi huanguliwa kwa siku tatu hadi tano, kisha huendelea kuwabeba wachanga mpaka waweze kujitegemea, na shughuli yote huweza kufikia wiki mbili. Katika muda huo hali chakula, au hula kidogo mno, na ndiyo sababu ushauri wa kumwongezea chakula unagonga mwamba: ukimrushia ataukodolea macho unga wako. Wakati huohuo ni mwoga kupita kiasi. Mwaka wangu wa kwanza nilimkamata jike aliyejaza mdomo, nikamweka kwenye ndoo safi peke yake, nikaifunika nikaenda kulala. Asubuhi mdomo ulikuwa mtupu na ndani ya ndoo hapakuwa na yai hata moja. Akishtuliwa, jike ama huyatema ama huyameza, na kwa jinsi ulivyoeleza, naamini wako ameyameza kwa sababu ya ule wavu wa kila asubuhi.

Lakini hata asiposumbuliwa, mama anaweza kula sehemu ya mzigo wake, na katika hili watafiti wamenisaidia kuliko uzoefu wangu. Mwaka 2022 wanasayansi wa Central Michigan University, Marekani, walichapisha utafiti juu ya Astatotilapia burtoni, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika anayelea mdomoni kama sato, na wakakuta kwamba majike kwa wastani walikuwa wamekula takriban asilimia 40 ya mayai yao. Kubeba mayai huku umefunga kula kunaumiza seli za mwili, na waliokula zaidi walionekana kuwa na kinga imara zaidi dhidi ya madhara hayo. Kwa maneno mengine, mama analipa gharama ya kulea kwa sehemu ya hao anaowalea. Kwa madume walinzi hesabu huwa nyingine. Wajapani walieleza mwaka 2018 kuhusu samaki mmoja wa miambani ambaye dume hulinda mayai shimoni: kuwepo kwa mayai hushusha homoni zake za kutafuta majike, kwa hiyo akiletewa mayai machache mno huyala yote ili arudi kutongoza. Mayai yakiwa mengi, huyalinda.

Wale gapi, samaki wadogo wa mapambo wa kwenye vioo vya sebuleni, hawahitaji maelezo marefu. Jike huzaa kila mwezi hivi, hana malezi, na kila kidogo kinachopita mbele yake ni chakula. Weka majani mengi ya majini wapate pa kujificha.

Niongeze kwamba kulana huku si hasara kwa kila mfugaji. Sato huanza kuzaa wakiwa wadogo, bwawa likajaa wasiokua, na ndiyo maana baadhi yetu huweka kambale wachache makusudi ili wawapunguze wachanga. Hasara ni kwako wewe unayetaka mbegu, yaani vifaranga wa kufuga.

Jike wako akijaza tena, usimguse siku tano za mwanzo, hamisha dume, na punguza mwanga kwa kufunika nusu ya tangi. Kama unataka kuyaangua mayai mwenyewe, mkamate mara moja tu, mfungue mdomo ndani ya maji juu ya beseni, kisha weka mayai kwenye chupa yenye maji yanayozunguka polepole bila kukoma, na utoe kila yai linalogeuka jeupe kabla halijaoza na kuambukiza mengine. Utuambie pia ana gramu ngapi na kama huu ulikuwa uzazi wake wa kwanza.